Jozi tatu, miguu miwili: viatu nilivyovikimbilia barabarani, kwenye mashine na jimu

Mguu wangu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa milimita 6. Nimeupima mwenyewe: kisigino ukutani, karatasi sakafuni, penseli imesimama wima mbele ya kidole kirefu. Kulia 254, kushoto 260. Nilifika miaka 38 sina habari hiyo, na aliyenipasha ni ukucha.

Ulikuwa ukucha wa kidole gumba, mguu huo huo wa kushoto. Ulianza na wekundu, ukaingia zambarau, ukawa mweusi kama zabibu kavu, hadi siku moja navua soksi baada ya mbio nikaukuta umebaki ndani ya soksi. Mimi ni muuguzi. Nimefunga vidonda vya kila namna bila kupepesa macho. Huo wangu mdogo ulinikalisha chini.

Kosa lilikuwa la viatu, na kosa la viatu lilikuwa langu. Nilivinunua asubuhi, miguu haijavimba bado, kwa dakika kumi, nimependa rangi. Nilijaribu mguu wa kulia tu. Hata huo wa kulia nilimwambia kijana wa dukani kwamba unagusa kidogo mbele. "Vitatanuka tu, dada," akasema, mkono uko kwenye mfuniko wa boksi tayari. Nikalipa. Sasa najua kwamba kitambaa cha juu hulegea kidogo kwa upana, lakini urefu umeamuliwa na soli, na soli haitanuki kwa hisani ya mtu. Mzunguko wangu wa kawaida ni kilomita 5, naumaliza kwa dakika 32, hatua kama 165 kwa dakika. Piga hesabu: mguu wa kushoto peke yake unatua mara 2,640. Mara 2,640 kidole kinabisha hodi kwenye ukuta, na hakuna anayefungua.

Baada ya hapo nilianza daftari, na tathmini hii imetoka humo. Kwa miezi 14 nimetumia jozi tatu: za kijivu, za machungwa, na nyeusi zilizo bapa. Nakimbia siku 4 kwa wiki, kilomita 25 hadi 30 kwa jumla. Mara mbili au tatu ni barabarani, zilizobaki ni kwenye tredimili, ile mashine ya kukimbilia ndani, kwa sababu zamu za usiku haziniulizi jua limezama saa ngapi. Siku 2 nanyanyua chuma. Nina kilo 81. Nayasema haya ili ujue ni nani anayezungumza, kwa maana kiatu kinachonifaa mimi huenda mtu wa kilo 55 mwenye kasi akakiona gogo.

Majina ya kampuni sitayataja, na si kwa kumwogopa mtu. Viatu hivi hutolewa upya karibu kila mwaka. Jina linabaki, namba ya mwisho inapanda, na ndani wamebadilisha sponji, kimo, pengine hata upana. Mtu akikusifia toleo lake la miaka miwili iliyopita, nawe ukaenda kununua la leo, mmezungumzia viatu viwili tofauti. Afadhali nikueleze vilivyoundwa, ukavitambue mwenyewe rafuni.

Nianze na za kijivu, kwa sababu ndizo nilizozivaa hadi zikachoka.

Zina sura ya kiatu cha shule. Sikuzipenda. Kimoja kina gramu 268, kisigino kimeinuka milimita 34 na sehemu ya vidole 24, kwa hiyo mteremko wa kutoka nyuma kwenda mbele ni milimita 10. Sponji ya soli ya kati ni EVA, plastiki yenye vipovu ambayo viatu vya mbio vimekuwa navyo tangu miaka ya 1970. Chini kuna mpira mgumu kisiginoni na mpira laini zaidi mbele. Hakuna ubao wa kaboni wa kukaza soli, hakuna dirisha la hewa, hakuna jina la kisayansi lililoandikwa ubavuni kwa herufi za kung'aa.

Safari hii nilikwenda dukani nikitoka zamu, nimesimama kwa muda wa saa 12, miguu imejaa kama mkate uliochachuka. Nilibeba soksi zangu za kukimbilia. Nilichofanya cha kwanza ni kuchomoa soli ya ndani, ile nyembamba inayotoka, nikaiweka sakafuni na kusimama juu yake peku. Mhudumu alinitazama kama ninayefanya kafara. Lakini soli ya ndani haidanganyi: inakuonyesha umbo la kiatu kabla hujaingia gizani. Nikiona nyama ya mguu imemwagika pembeni, hasa upande wa kidole kidogo, najua kiatu ni chembamba na sihitaji hata kukivaa. Jozi tatu zilikataliwa hivyo bila kufungwa kamba.

Kuhusu namba, kidogo. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi. Za Uingereza na Marekani hupanda kwa theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5, na ndiyo maana kuna nusu namba katikati. Miguu yangu ilivyo, kati ya kulia na kushoto kuna karibu namba nzima ya Ulaya. Na kampuni mbili haziafikiani 40 ni kiasi gani. Kwenye lebo ya ulimi, chini ya hizo namba zote, mara nyingi kuna namba nyingine ndogo ya sentimita ambayo hakuna anayeisoma. Vile viatu vya ukucha vimeandikwa 25.5. Vilikuwa sawa kabisa na mguu wa kulia, aliyekwenda kununua. Za kijivu zimeandikwa 26.5, na nikisimama, kati ya kidole cha kushoto na ncha ya kiatu panaenea upana wa gumba la mkono.

Bila shaka kiatu cha kulia kikawa kikubwa. Kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka, na hiyo ndiyo inayozaa malengelenge. Dawa yake ni lile tundu la mwisho la kamba, lililojitenga kidogo nyuma, ambalo wengi hudhani ni la urembo. Unaiingiza kamba humo upande ule ule uliotokea bila kuivuta yote, inabaki kitanzi kidogo kila upande. Halafu kila kamba unaipitisha kwenye kitanzi cha mwenzake, unavuta kuelekea chini, ndipo unafunga. Kisigino kinakaa kama kimewekwa gundi, na vidole vinabaki na nafasi yao. Nafanya hivyo mguu wa kulia tu. Nimekuwa mtu wa kufunga viatu kwa namna mbili, na nimezoea.

Barabarani za kijivu ni viatu visivyo na habari. Nasema hivyo kwa kuzisifu. Kilomita 10, lami imelowa, changarawe kidogo pembeni, sikumbuki nimewahi kuziwaza. Kwenye mteremko mkali mguu hausogei mbele. Kasoro yake ni ulimi mwembamba: ukikaza kamba sana unazisikia juu ya mguu, na mimi nakaza. Nyingine ni kwamba sponji hugeuka ngumu baridi ikizidi. Asubuhi za baridi kilomita ya kwanza ni kama kukimbilia mbao, kisha zinalainika.

Nimeulizwa na wenzangu wodini kama sikupimwa mguu kwa mashine. Nilipimwa, duka jingine. Walinipandisha kwenye tredimili, wakanipiga video ya vifundo kwa nyuma, wakaniambia mguu wangu unaangukia ndani na kwamba bila kiatu cha kuuzuia nitaumia. Picha ilitisha kweli. Mwili wowote ukiutazama polepole kwa nyuma unatisha. Nikaenda kusoma. Kati ya 2009 na 2010 zilichapishwa tafiti zilizofanywa kwa makuruta wa majeshi ya Marekani: wa nchi kavu, wa anga na wale wa Marine, askari wa majini. Kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la wayo, kundi jingine likapewa aina moja wote. Kuumia hakukutofautiana kwa kiasi cha kujivunia. Sisemi viatu vya kuzuia havimfai mtu. Mwenye maumivu yasiyokwisha amwone mtaalamu wa miguu, asitegemee kaunta. Ila mimi sikuwa na maumivu. Nilikuwa na ukucha mmoja pungufu. Nilichagua kwa kukimbia dakika 5 nje ya mlango na kuuliza mwili wangu, na mwili haukuwa na la kusema.

Kuna rafiki yangu, yeye na viatu hawaelewani, ambaye kila nikianza mada hii ananitajia Abebe Bikila aliyeshinda maratoni ya Olimpiki peku, Roma, 1960, kwa saa 2:15:16. Nami namjibu kwamba Bikila huyo huyo alishinda tena Tokyo 1964 amevaa viatu, kwa 2:12:11. Hapo tunanyamaza kidogo, kila mmoja akijiona ameshinda.

Za machungwa nilizipata miezi mitano baadaye, na hizi nilizipenda kabla ya kuzivaa, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka. Sponji yake ni ya kizazi kipya, laini na yenye kurudisha. Ukiibonyeza kwa gumba inazama, kisha inakusukuma. Kisigino kina milimita 39, karibu kabisa na 40 ambazo ndiyo mwisho unaoruhusiwa na World Athletics, shirikisho la riadha duniani, kwa mashindano ya barabarani, si kwamba kuna afisa atakayekuja kunipima mimi. Mteremko ni milimita 5 tu, na soli imepinda kama mguu wa kiti cha kubembea, ili ujiviringe kwenda mbele.

Kwenye tredimili ni raha ambayo naona haya kuieleza. Mashine yenyewe ina ubao unaonesa, kiatu kinanesa juu yake, mkanda ni tambarare, hakuna shimo wala jiwe. Baada ya usiku mzima wa kusukuma vitanda, dakika 30 za namna hiyo ni kama mtu amekuwekea mto chini ya kila hatua. Kitambaa chake kina matundu makubwa, na hilo kwenye mashine lina maana kuliko barabarani: nje unakata upepo mwenyewe, ndani unakimbia ukiwa umesimama mahali pamoja na joto lako lote. Za kijivu nikimaliza ndani, soksi inakamuliwa. Za machungwa inakuwa na unyevu tu.

Barabarani habari ni nyingine. Kwanza, misuli ya nyuma ya muundi ilinilalamikia wiki mbili nzima. Kisigino kikishuka kutoka mteremko wa milimita 10 hadi 5, kazi inahamia kwenye kano ya kisigino na misuli yake, na mimi nilihama kwa siku moja, kama mtu anayehamisha nyumba usiku. Ningechanganya polepole, siku moja kwa wiki kwanza. Pili, urefu ule na ulaini ule hauipendi barabara iliyoinamia mtaro. Upande mmoja wa sponji unabonyea zaidi, kifundo kinakwenda nao. Kwenye kona ya ghafla, mbwa katokea, nilijikuta naendesha kitu badala ya kukivaa.

Kuhusu ile mashine: kuna desturi ya kuinua tredimili kwa asilimia 1 ili ilingane na kukimbia nje, na inatokana na utafiti wa Jones na Doust wa 1996. Sababu ni upepo ambao ndani haupo. Kwa mwendo wangu wa kobe upepo hauna cha kunidai, sihangaiki nao. Ninachohangaika nacho ni uchakavu. Lami inakula mpira wa chini, unauona. Mkanda wa mashine hauli karibu chochote. Nilipogeuza za machungwa baada ya kilomita 300 za ndani, michoro ya soli ilikuwa bado na ncha zake kama siku ya boksi. Ukitazama chini tu utasema ni mpya. Lakini sponji imekandamizwa kila hatua sawa na ingekuwa nje, na sponji ndiyo kiatu. Kwa hiyo usimwamini anayekuuzia viatu vilivyotumika akakuonyesha soli nzuri, wala usijiamini wewe mwenyewe. Andika kilomita.

Kawaida husemwa kilomita 500 hadi 800 kwa jozi, na tofauti hiyo kubwa ina maana yake: uzito wa mtu, sponji, barabara. Za kijivu zimenifikisha 640. Dalili nilizozipata ni hizi. Mnamo kilomita 480 mpira wa nje wa kisigino cha kushoto, ule ukingo unaotua kwanza, uliisha na sponji nyeupe ikachungulia. Haikunisumbua. Mnamo 590 zikatokea mikunjo myembamba ya kulala ubavuni mwa soli, hasa chini ya kisigino, mikunjo ambayo haifutiki ukikivua. Nikaviweka mezani nikavitazama kwa nyuma, macho sawa na meza: cha kushoto kimeegemea nje kama mzee anayesubiri basi. Mnamo 620 mbele ya muundi ikaanza kuuma siku ya pili baada ya mbio, sehemu ambayo haikuwahi kuniuma. Nikaongeza kilomita 20 kwa ubahili, ndipo nikaziacha.

Sasa jimu, ambako nilifanya upuuzi mkubwa kuliko wa ukucha, ila huu haukuniachia alama.

Siku moja nilitoka tredimili nimevaa za machungwa, nikaenda moja kwa moja kwenye chuma kufanya skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, kilo 60 mgongoni. Nikashuka. Nikiwa chini nikasikia visigino vinahama: cha kulia ndani, cha kushoto nje, polepole, kama nimesimama juu ya godoro. Magoti yakafuata. Nilipanda, sijui kwa nguvu za nani. Mkufunzi alikuwa amechuchumaa nyuma yangu anatazama viatu, si mimi.

"Vua viatu, dada."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Rudia na soksi."

Nikarudia, uzito ule ule. Sakafu ilikuwa mahali pake. Ilikuwa kana kwamba mtu amepunguza kilo 10 kwenye chuma. Akaniambia neno ambalo naliona ni la maana kuliko matangazo yote niliyosoma: kiatu cha mbio kimetengenezwa kipoteze nguvu unapotua, na wewe kwenye chuma unataka nguvu yako isipotee.

Ndipo nikanunua zile nyeusi. Hazina maelezo mengi: turubai, soli bapa ya mpira mwembamba mgumu, kisigino na vidole vina kimo sawa. Ukizikunja zinakunjika, ukizikanyaga hazibonyei. Jimu nyingi haziruhusu kunyanyua kwa soksi, na ni haki yao, sahani ya chuma ikidondoka haijali umevaa soksi ya rangi gani. Kwa skwati, kwa kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kwa mashine ya kupiga makasia, zinatosha. Watu huchanganya ulaini na kimo, nami nilichanganya. Kisigino kuinuka si kosa lenyewe. Viatu vya wanyanyua vitu vizito vya mashindano vina kisigino kilichoinuka kama milimita 20, na wenye vifundo vigumu huvipenda kwa sababu vinawasaidia kushuka chini. Lakini kisigino hicho ni kigumu kama mbao. Tatizo la za machungwa halikuwa milimita 39, lilikuwa sponji.

Za kijivu je, kwenye chuma? Zinavumilika. Kwa uzito mdogo, kwa kuruka kamba, kwa mazoezi ya kukanyaga na kusogea mbele, sina ugomvi nazo. Kwa michezo ya kwenda upande upande, ile ya ngazi ya kamba sakafuni, naona zinanikataza: soli ya mbio imeundwa kwa ajili ya kwenda mbele, na mguu ukisukuma upande unataka kupanda juu ya ukingo. Nyeusi zinafanya vizuri zaidi.

Ila usikimbie na nyeusi. Nilijaribu kilomita 2 kwenye mashine kwa uvivu wa kubadilisha, na kesho yake nilishuka ngazi za wodi kinyumenyume.

Kitu kimoja kuhusu usafi, maana nimeharibu jozi. Si hizi tatu, ni vile viatu vya ukucha, ambavyo hata hivyo sikuvililia. Vililowa, nikaviosha, nikaviweka mbele ya hita vikauke kabla ya zamu. Gundi ikaachia, soli ikafunguka mdomo upande mmoja. Sasa nachomoa soli ya ndani na kamba, naosha kwa brashi na maji ya uvuguvugu, najaza karatasi za gazeti zinyonye maji, naziacha kivulini penye hewa. Si kwenye jua kali, si ndani ya gari lililofungwa.

Kukausha ndiko kulikonifanya niwe na jozi mbili za kukimbilia kwa kupokezana, na baadaye nikakuta kuna zaidi ya jasho. Utafiti wa Luxembourg uliochapishwa 2015 uliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, na waliobadilishana jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 39. Ni uchunguzi tu, hakuna aliyegawiwa viatu kwa kura, na huenda mwenye jozi nyingi ana tabia nyingine nzuri. Lakini kama sababu ni kwamba viatu tofauti vinaupa mguu mizigo tofauti kidogo, mimi naiona inaingia akilini. Wodini pia anayeinama namna moja siku nzima ndiye anayelalamika mgongo.

Kwa anayeweza kununua jozi moja tu, jibu langu ni aina ya zile za kijivu: sponji ya ugumu wa kati, mteremko wa milimita 8 hadi 10, nafasi ya gumba mbele, hakuna ubao. Inakwenda lami, inakwenda mashine, na kwenye chuma utainua kidogo kidogo hadi uzito ukufukuze. Jozi ya pili ikipatikana, ningenunua bapa kabla ya laini. Najua wengi wanafanya kinyume, wananunua laini mbili kisha wanashangaa magoti yanacheza kwenye skwati. Bapa ni za bei ndogo, na zangu baada ya miezi 8 hazijabadilika chochote zaidi ya vumbi. Za machungwa ni anasa. Ninazipenda, nazitunza kwa tredimili, na nikiulizwa kama zina thamani ya bei yake, ambayo ni karibu mara mbili ya za kijivu, nabadilisha mazungumzo.

Za kijivu zikiwa zimekufa, niliagiza nyingine. Jina lile lile, namba ya mwisho imepanda moja, 26.5 kama zamani. Nilipozifungua nikaziweka mezani kando ya zile za zamani, nikatoa rula. Kisigino kimeongezeka milimita 3, ulimi umenenepeshwa, asante. Nikachomoa soli ya ndani, nikasimama juu yake jioni baada ya zamu. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa nje, chote, kinaning'inia pembeni kama mtoto kwenye ukingo wa kitanda cha wazazi.

Nimezirudisha kwenye boksi lake bila kukanyaga nazo hata hatua moja. Sasa natafuta mwenye toleo la nyuma, na nikilipata nachukua jozi mbili.